Majina Matatu Ukutani

Jumatatu jioni, Julai. Eldoret imelowa tangu asubuhi na baridi imeingia mpaka kwenye mablanketi. Jicho langu la kushoto halifunguki. Naandika kwa jicho moja.

Jana nilipigwa kazini. Na mimi nikapiga.

Nianze na rota, ile ratiba ya zamu, maana bila rota haya hayaeleweki. Mimi ni muuguzi katika hospitali ndogo ya mashambani, upande wa Chepsaita. Jina lake naliweka kando. Wodi ya kujifungulia na chumba cha majeruhi viko mlango kwa mlango, na zamani tulikuwa watatu kila mchana. Kisha serikali ikasimamisha kuajiri. Sista Jerop akastaafu, sasa anakamua ng'ombe wake kwao Moi's Bridge. Auma akapata kazi Uingereza. Hakuna aliyeletwa mahali pao. Mchana nimebaki peke yangu.

Lakini kwenye rota iliyobandikwa ukutani, Jerop na Auma bado wanakuja kazini. Ni matroni, mkuu wetu wa wauguzi, aliyetufundisha kuyaacha. Tukiyafuta majina yao, wakubwa watasema nafasi zile hazihitajiki, na siku ya kuajiri ikifika tutakosa hata hizo. Kwa hiyo kila Ijumaa naandika rota mpya kwa mkono wangu, majina matatu. Nawapangia hata siku za kupumzika. Krismasi iliyopita nilimpa Auma likizo, tukacheka na matroni hadi machozi.

Jana asubuhi Eunice alikuja na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Alisindikizwa na mumewe, Simon, ambaye ana kinu cha kusaga posho pale senta. Nikampima, nikaona bado ana saa kadhaa. Nikamwambia Simon arudi nyumbani alete uji na nguo za mtoto.

Adhuhuri wanaume wanne wakaingia wamembeba mwenzao. Alikuwa amekatwa paja na ndugu yake mwenyewe, kwa panga, wakigombania mpaka wa shamba la mahindi. Damu ilikuwa inaruka hadi ukutani. Wakamtupa kitandani na kukimbia, kwa kuogopa polisi. Daktari wa zamu alikuwa kwenye ambulensi na mgonjwa mwingine, njiani kuja Eldoret. Nikaingiza ngumi yangu ndani ya kile kidonda, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Ningeiondoa, angekufa.

Hapo ndipo Eunice alipoanza kuniita.

"Sista! Sista, anakuja!"

Nilimsikia. Nataka niandike hivyo, nilimsikia kila mara alipoita. Nilimpigia mlinzi kelele aje kutoka getini, akafika, nikamwonyesha jinsi ya kukandamiza, nikakimbia. Mtoto alikuwa ameshatoka, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi imegeuka. Nikampulizia hewa tena na tena. Alikuwa msichana. Hakulia.

Nilifanya niliyoweza ili Eunice asitokwe na damu, nikarudi kumfunga kidonda yule aliyekatwa panga, damu ikakatika, nikarudi tena kwa Eunice. Simon akatukuta hapo, ameshika chupa ya uji. Nilimweleza. Akaweka chupa chini, akatoka. Nikadhani ameenda kulia nje kama wanaume wengi.

Kumbe alikuwa anasoma ukuta.

Alirudi na ile karatasi mkononi. "Watatu! Hapa imeandikwa masista watatu! Hao wawili wako wapi? Wanakunywa chai?"

Niliitazama karatasi. Mwandiko ni wangu.

Ngumi ya kwanza ilinipata jichoni. Nilianguka na meza ya dawa, akanipiga teke la mbavu, na lingine. "Waite! Waite watoke!" Mkono wangu ukagusa stendi ya dripu. Nikainuka nayo na kumpiga kichwani. Akapiga magoti.

Ningeachia hapo, leo nisingekuwa na la kuungama. Nilimpiga tena akiwa amepiga magoti, amejikinga kwa ile karatasi. Nikampiga ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kujiokoa. Hizo mbili zilikuwa tamu. Nilikuwa nampiga yeye, na yule wa panga, na matroni, na Auma aliyeko Uingereza, na kila mkubwa aliyeniambia nivumilie.

Ni Eunice aliyenizuia, kutoka kitandani kwake.

"Sista, wacha! Utamuua na huyu!"

Na huyu.

Stendi ikanitoka mkononi. Simon alikuwa anavuja damu na nywele zimeshikana. Nani angemshona? Rota ilisema tuko watatu. Nilimkalisha kwenye kiti, nikashika sindano, na kwa muda nikafikiria kumshona bila ganzi. Nilimpa ganzi. Alilia muda wote nikimshona, na mimi nikalia, hatukutazamana.

Mlinzi alikuwa ameshawaita polisi. Wakamchukua Simon na bendeji yake. Kesho natakiwa kituoni kuandika taarifa. Matroni amenipigia simu mara tatu. "Wewe andika tu vile alikupiga. Hiyo maneno ya rota wachana nayo kabisa. Na hiyo ya kumpiga akiwa chini pia, umesikia?"

Nimesikia. Nikimtii, Simon atafungwa, mimi nitabaki na kazi yangu, na zile nafasi mbili zitabaki ukutani. Nikisema kweli, sijui nitapoteza nini, na sijifanyi shujaa. Naogopa. Isitoshe, sehemu yangu moja bado inataka afungwe. Mbavu zinaniuma kila nikivuta pumzi.

Lakini leo asubuhi nilikuwa kazini, maana hakuna mwingine. Nilimkuta Eunice macho, maziwa yamejaa na hakuna wa kuyanyonya. Nikamfunga kifua kwa leso. Alinitazama uso uliovimba, akanionea huruma. Yeye anionee mimi.

"Sista, umechoka sana. Hao wenzako wawili watakuja leo?"

Nikamwambia wako njiani.

Sijui kwa nini. Mdomo ulitoa tu, kama mkono unavyoandika kila Ijumaa. Akasema Mungu awalete salama, akafumba macho.

Kesho nitasema yote kituoni, pamoja na zile mbili nilizompiga akiwa chini. Ila kabla ya polisi nitapita wodini, nikae kitandani kwa Eunice nimwambie hakuna anayekuja, na hapakuwa na mtu mwingine jana, na jina la kila asiyekuwepo niliandika mimi. Akitaka kunipiga, sitainua mkono.