Siku Uji Wetu Ulipogeuka Kampeni

Bungoma, Jumamosi, 1992. Mvua tangu alasiri, na baridi ya huku haina adabu. Nguo zangu zinanuka moshi na za kubadilisha ziko Kitale.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza, nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa nimechoka tu.

Sisi ni watu watatu na pikapu moja. Maureen ni nesi kutoka Ireland. Wafula, dereva wetu, ni mzaliwa wa Misikhu. Na mimi ni nesi niliyeacha kazi Tanga nikavuka mpaka, kwa sababu niliambiwa kuna watoto wanaokufa kwa utapiamlo katika nchi yenye mahindi marefu kunipita. Hatulipwi. Tunaishi Kitale, na kila Jumamosi tunakwenda kijiji kimoja juu ya Chwele, tunapika uji wa maziwa, tunawapima watoto, tunarudi.

Leo nilikuwa namngoja mmoja kuliko wote. Nekesa, analelewa na bibi yake. Tulipomwona mara ya mwisho mkono wake ulikuwa mwembamba kama kidole gumba changu, na Maureen alisema asipoongezeka uzito lazima alazwe. Kisha mvua ikatufungia njia wiki nzima. Ilibidi tutangaze upya kwamba tunakuja.

Kwa hiyo siku ya soko nilimtuma Wafula Chwele na kipaza sauti. Nilimpa maneno manne: uji wa watoto Jumamosi. Manne tu, jamani! Wafula akaona uji ni aibu. Ati mtu hawezi kuitwa mbele ya majirani zake aende kunywa uji wa bure kama ombaomba. Akaona heri aseme "kula", neno lenye heshima. Nia yake njema kabisa. Ila kwa Wafula, kama kwa wengi wa Bungoma, r na l ni mapacha: ukimwita huyu, anaitika yule. Chwele nzima ikasikia, "Jumamosi ni kura! Kura ni ya wote!"

Na huu ni mwaka wa uchaguzi.

Tulipofika asubuhi tulikuta wanaume. Wanaume watupu, wamevaa makoti, wamekaa kwenye nyasi wakimngoja mheshimiwa aje awagawie chochote. Mama hata mmoja hakuwapo. Mwaka huu wa ghasia, mama mwenye akili akisikia siasa anafunga mlango na wanawe wako ndani, na siwalaumu. Maureen alifurahi. Akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Watu wengi wamefika, Mwanaidi. Ni vizuri sana." Nilitamani kulia.

Uji haujachemka, chifu huyo na askari wake wawili.

"Sista, nani amewapa kibali ya mkutano ya kura?"

"Si kura, mzee. Kula."

"Si ndio hiyo nasema? Kura."

"Kula! Ku-la!" Nikainua mwiko, nikaupeleka mdomoni.

Akanitazama kwa huruma, wallahi. "Hata hao wengine wakitafuta kura wanaanza tu na sufuria hivyo."

Nikarudisha mwiko sufuriani. Mimi, ambaye mama yangu husema nilizaliwa nikijibu! Askari mmoja akamwaga maji kwenye moto, uji ukabaki mbichi, na tukaamriwa tusirudi bila kibali. Wafula alikuwa amejibanza nyuma ya pikapu. Nikamfokea mbele ya watu wote, nikamwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Aliingia akawasha gari.

Tulipofika njia panda nilimwambia asimame. Kwenda kumjulia mtu hali hakuhitaji kibali cha chifu. Nikashika njia ya kwa bibi yake Nekesa, miguu ikiteleza kwenye matope, na nyuma yangu nikasikia Wafula anakuja amebeba maziwa.

Tulimkuta jikoni. Wote huku wanamwita Kukhu, ndilo neno lao la bibi. Mtoto alikuwa mapajani pake, amefunikwa kanga.

"Kukhu, mbona hukumleta leo?"

Akashangaa kweli. "Mimi sina kadi ya kura, mwanangu. Sasa ningekuja kufanya nini?"

Wafula alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso kwa mikono.

Nikafunua kanga. Miguu ya Nekesa ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole na shimo likabaki. Nilimwekea maziwa mdomoni kwa kijiko, yakatoka upande wa pili. Tukampakia yeye na Kukhu kwenye pikapu, alikotungoja Maureen, na Wafula akaendesha mpaka Bungoma, akikwepa kila shimo kama aliyebeba mayai.

Sasa niko kwenye benchi nje ya wodi. Maureen yuko ndani na daktari. Wafula amekwenda kumtafutia Kukhu chai. Bado nina hasira naye, na bado nitamwomba radhi kwa lile jina, kwa sababu yeye angalau alifikiria aibu ya watu na mimi nilifikiria sufuria. Jumatatu nitakwenda kuomba hicho kibali. Wakinizungusha, nitapita nyumba kwa nyumba.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Kinachonitisha ni kimoja. Maureen alipompitisha Nekesa mpira puani ili apate maziwa, mtoto hakukunja hata uso. Alitutazama tu. Kazini Tanga tulikuwa tunalalamika juu ya watoto wanaolia, tukiwaomba mama zao wawabembeleze.

Ee Mola, kesho asubuhi nimsikie analia. Alie kwa sauti, aamshe wodi nzima.