Shosho, Ukurasa Ulikuwa Haujaisha

Shosho wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua utanuna. Ulijua maneno matano tu: pole, chai, kesho, asante, na lile ulilolipenda kuliko yote, endelea. Lakini nadhani huko uliko hakuna haja ya mkalimani, na jambo hili siwezi kulisema kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kazini. Kimezoea kusema kwamba kila kitu kiko sawa.

Hakuna kilicho sawa. Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike, na nyumba yako ya Hyattsville ina kibao cha kuuzwa pale mbele, kwenye yale maua ambayo hukutaka mtu ayakanyage. Mpwa wako Dennis alikuja kutoka Sterling na lori, akafunga maisha yako kwa siku mbili. Kitanda cha wagonjwa kilirudishwa walikokiazima. Mimi nilipewa birika. Sasa niko kwenye ghala moja huko Landover, nabandika karatasi za anwani kwenye maboksi, karibu na ule uwanja mpya wa mpira uliokuwa ukiulaani. Kazi si mbaya, ila kutwa nzima hakuna mtu anayeniambia nisome polepole.

Vitabu vyako vimekwenda pale ulipotaka. Maboksi kumi na manne, Shosho, na kila moja zito kama dhambi. Orodha za wapangaji wa mashamba ya Ayalandi, orodha za abiria wa meli, maandishi ya makaburi yaliyonakiliwa na wazee wa huko, yale majarida ya kila mwaka yenye harufu ya ukungu. Chama cha historia kimevipanga kwenye rafu ya peke yake kule chini ya kanisa, na juu yake wamebandika jina lako: Vitabu vya Nora Devlin. Vyote viko pale isipokuwa kimoja. Kile cha kijani, kilichokuja kwa posta mwezi wako wa mwisho, kilikuwa chini ya godoro langu hapa Langley Park. Nilikiiba.

Nitakuambia kwa nini, ila uniache nizunguke kidogo kwanza. Wewe mwenyewe hukuwahi kufika kwenye jambo bila kupitia kwa mabinamu watatu.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza? Wakala alinituma nikuogeshe, nikupikie na kukupa dawa. Hakuna aliyeniambia kwamba macho yako yalikuwa yamekufa katikati na kubaki pembeni tu, wala kwamba ulikuwa mwalimu mstaafu asiyejua kukaa bure. Siku ya pili ulinipa kitabu ukaniambia nisome majina. Majina tu! Ukurasa mzima wa watu waliokufa, na wewe umefumba macho kana kwamba unasikiliza redio. Nikafika mwisho wa mstari nikanyamaza, ukauliza kwetu "go on" husemwaje. Nikakuambia. Tangu siku hiyo ilikuwa endelea, endelea, mpaka sauti ikanikauka. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, sisi husema, na moyo wako ulikuwa mzima kupita kiasi.

Tuligombana juu ya chai. Wewe ulitaka maziwa yatiwe juu, mimi nikayachemsha pamoja na majani kama kwetu Nyeri. Ulisema hicho ni chakula cha ndama. Mwezi haukuisha ukawa hunywi nyingine, ila ulinikataza kuwaambia wenzako wa chama.

Hao wenzako nao! Jumamosi ya kwanza niliyokusukuma hadi mkutanoni niliogopa. Wazee ishirini kwenye viti vya kukunja, biskuti mezani, na kila mmoja anawazungumzia wafu wake kama watu watakaoshuka basi linalofuata. Halafu mkanipeleka kwenye yale makaburi ya zamani, kusugua mawe kwa brashi na maji ili majina yasomeke na kuandikwa kabla hayajafutika. Kwetu kaburi haliguswi-guswi ovyo. Nilisimama mbali na mwavuli wangu. Wewe ukaniamuru nikusogeze karibu na jiwe moja, ukaweka vidole kwenye herufi, ukasoma jina lote bila macho, na mkono wako ulipotoka pale ulikuwa na tope mpaka kwenye kiwiko. Jioni nilikuosha ule mkono, ukalala ukitabasamu. Nilianza kukupenda siku hiyo, ikiwa hujui.

Na unakumbuka siku ya majina. Nilikuwa nakusomea familia moja, mwana wa kwanza Michael, wa pili Thomas, nikakuambia bila kufungua ukurasa mwingine kwamba babu mzaa baba aliitwa Michael na mzaa mama Thomas. Ukasema nifungue. Nikafungua, ndivyo ilivyokuwa. Ulikaribia kuangusha kikombe. Nikakueleza kwamba hata kwa Wakikuyu ni hivyo hivyo, mwana wa kwanza humchukua babu upande wa baba, wa pili upande wa mama. Kwa mabinti tu ndipo ninyi mliposhika njia ya nyuma, mkaanza na nyanya mzaa mama, na nilikuambia huko mlikosea. Nikakuambia mimi ni Wangari kwa sababu ya mama yake baba, ndiyo maana baba yangu, mzee mzima, huniita "mami". Ulicheka ukasema basi na wewe unitafutie jina. Nikakuita Shosho, kama tunavyowaita nyanya zetu. Kuna kitu kingine juu ya jina langu ambacho sikukuambia. Nitakifikia.

Baada ya hapo tuliwinda pamoja. Ulikuwa unamtafuta nyanya yako Honora, aliyezaliwa Devlin akaolewa na Devlin mwingine, ambaye jina lake ulilivaa wewe, aliyepanda meli msichana mdogo baada ya ile njaa kubwa ya viazi, akaja hapa kufua nguo za watu na hakuwahi kumwambia mtoto wake hata mmoja alikotoka. Miaka ishirini ulimtafuta. Ulikuwa na jina la baba yake, Michael, na la mama yake, Catherine, basi. Parokia hukuijua. Ulisema mtu asiyejua nyanya yake alizaliwa wapi ni kama barua isiyo na anwani, na hutaki kufa hivyo. Ulilisema kwa mzaha, lakini usiku ule hukula.

Ndipo kikaja kitabu cha kijani, ubatizo wa parokia moja ndogo, umenakiliwa na wanahistoria wa kijijini kwenyewe. Ulikuwa umeshaacha kula. Nesi aliyekuja kukuangalia alikuwa ameniambia jikoni ni suala la siku. Nikakaa kwenye kiti chako nikaanza kusoma, na kwenye ukurasa wa tatu, mwezi wa Februari, nikamkuta. Honora, binti wa Michael Devlin na Catherine. Nilisoma kwa sauti. Ulikamata kidole changu. Ulilia bila machozi, maana maji mwilini yalikuwa yamekwisha, ukasema, "February, like me. She was a February girl like me," wa Februari kama wewe. Halafu ukasema endelea.

Na mimi nikafunga kitabu. Nikakuambia ukurasa umekwisha.

Haukuwa umekwisha, Shosho. Chini ya jina lile kulikuwa na mstari mdogo, padri alikuwa ameandika pembeni na wao wakanakili. Mtoto alikufa akiwa na siku kumi na tisa.

Niliuona kabla ya kumaliza kusoma jina. Mtoto wa siku kumi na tisa hapandi meli. Hafui nguo za mtu. Hakuwa yeye, na wewe ulikuwa umeshika kidole changu na uso wako umefunguka kama dirisha. Ningefanyaje? Siku tatu baadaye ulikufa ukiwa na Februari yako. Nilikuvalisha gauni la kijani nikajiambia nimetenda wema.

Rehema, yule Mtanga ninayekaa naye, nilimweleza. Akasema, "Mwenzangu, usiji-stress. Uongo wa kumliwaza mgonjwa Mungu anausamehe, na umeshamzika bibi wa watu." Nikapata usingizi siku mbili. Ndipo Dennis akapiga simu. Ulikuwa umemsimulia yeye na chama kabla ya kufa, na sasa anataka kwenye jiwe lako, chini ya jina, waandike mjukuu wa Honora, aliyebatizwa mahali fulani, mwezi wa Februari. Mchongaji anasubiri. Na chama kinataka kulichapisha kwenye jarida lao, kwa hiyo Jumamosi niende na kitabu, niwaonyeshe ukurasa, maana wao hawachapi neno bila kuona ukurasa. Njia ya mwongo ni fupi. Sikujua kwamba yangu ingeishia kwenye jiwe. Wewe uliyesugua mawe ya wageni ili yaseme kweli, la kwako liseme uongo, na uongo wenyewe niwe nimeuchonga mimi!

Nilikwenda. Mabasi mawili, kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, sikukifungua hata mara moja. Yule mwenyekiti wenu mwenye mkufu wa lulu alinikumbatia. Walikuwa wameniwekea kiti mbele. Nikasimama nikawaambia yote, kwamba niliuona ule mstari, nikaumeza, nikaficha kitabu. Shosho, hakuna aliyenifariji. Mwenyekiti alisema tu, taratibu, "She would have wanted to know, Wangari," kwamba ungetaka kujua. Mmoja alivua miwani akaanza kuifuta, na hakumaliza kuifuta.

Ni Frank aliyenyoosha mkono, yule tarishi mstaafu uliyekuwa ukimwambia ananuka dawa ya nondo. Aliomba kitabu. Akauliza kama wale wazazi walipata binti mwingine.

Na hapo nilijua jibu kabla hajalamba kidole. Hili ndilo ambalo sikukuambia. Mimi ni Wangari wa pili. Wa kwanza alikufa kwa surua kabla sijazaliwa, na nilipokuja mimi wakanipa jina lile lile, kwa sababu nyanya hawezi kuachwa bila mtu wa jina lake. Mama hakunificha. Husema wa kwanza alinifungulia mlango. Nimeishi ndani ya jina la marehemu miaka thelathini na nne. Katika watu wote wa mji huu, mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba Honora akifa, yuko Honora mwingine nyuma yake. Nilikujulisha kwamba majina yetu ni ndugu, halafu siku ya siku nikasahau. Niliogopa kifo kilichoandikwa pale nikakifungia ndani pamoja na kila kilichofuata.

Frank aligeuza kurasa. Nne tu, Shosho. Nilizihesabu.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za kanisa mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi. Ulikuwa na siku tatu. Kwa kurasa nne ningehitaji dakika kumi. Ulikuwa na nguvu ya kusikia kwamba mtoto amekufa, wewe uliyesikia majina ya wafu miaka mitatu kwa sauti yangu, na baada ya huzuni ile ndogo ungempata nyanya yako hasa. Badala yake nilikupa mwezi wa mtoto mwingine. Nilikuhurumia kama mtu dhaifu, na hukuwa dhaifu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ule uongo wenyewe.

Kitabu nimekiacha kwenye rafu yako. Dennis amemwambia mchongaji asubiri, na alipozungumza nami sauti yake ilikuwa baridi, namwelewa. Frank ameniuliza kama nitaendelea kuja Jumamosi, kuna mzee mwingine ambaye macho yake yanaondoka. Sikumjibu siku ile. Leo nakujibu wewe: nitakwenda, na nakuahidi sitamfungia mtu yeyote kitabu mpaka aseme yeye inatosha.

Jumapili baada ya misa nitakuja ulikolala. Nitaleta chai yetu ya ndama kwenye chupa, na nitakusomea kwa Kiingereza, polepole, kama ulivyopenda. Lakini kwanza nakuandikia hapa, nisije nikashindwa kufungua kinywa. Lala salama, Shosho. Nisamehe ukiweza.

Uliniambia endelea. Naendelea.

Mwezi wa Novemba, mwaka uliofuata. Honora, binti wa Michael Devlin na Catherine, wa pili kwa jina hilo. Pembeni yake padri hakuandika kitu.

Wako,
Wangari