Leo nilimwuliza mkaza mwanangu kama mtoto anacheza

Jumamosi. Jua lilitoka lakini halikuwa na joto, na theluji iliyobaki hapa ugenini Akalla imekuwa nyeusi kando ya njia. Nimechoka, ila ni uchovu mzuri.

Nilikuwa nimepanga kupeleka chakula tu. Mwanangu Wafula yuko mji wa mbali, Malmö, kikazi wiki hii, na mkewe Aline ana mimba ya miezi minane. Nikapika maharage na chapati, nikaendesha gari hadi kwao Sundbyberg.

Wasiotoka kwetu Bungoma inabidi niwaeleze jambo moja. Baba mkwe na mkaza mwana huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hatushikani mikono. Siketi naye kochi moja, siingii jikoni kwake, na habari za tumbo lake si zangu kuuliza. Zilikuwa za Rispa, mke wangu, lakini Rispa alifariki mwaka juzi. Kwa hiyo nikitaka kujua mimba inaendeleaje namwuliza Wafula, Wafula anamwuliza mkewe, na jibu linarudi kwa njia ileile. Aline ni Mrundi, na kwao mambo hayako mbali na yetu. Tumeelewana bila kuzungumza.

Leo alifungua mlango polepole. Alisema yuko salama. Niliweka sufuria mezani, nikakaa kwenye kiti changu kilicho karibu na mlango. Pale mezani kulikuwa na jagi la juisi lenye barafu, na kwenye kochi kulikuwa na mto na blanketi, saa sita mchana. Aline si mtu wa kulala mchana. Akasema anapumzika kidogo, kwamba rafiki yake amemshauri anywe kitu baridi chenye sukari, alale kwa ubavu, asubiri.

Hapo nikashtuka.

Rispa alikuwa mkunga katika hospitali za huku huku ugenini. Alipopewa kazi ya kuwafundisha wakunga wapya, alifanya mazoezi jikoni kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa mjamzito. Nilitia mto ndani ya shati na kujibu kwa sauti nyembamba, naye akanikemea kwamba hakuna mama anayeongea hivyo. Kisha alirudia maneno yake mpaka yakaniingia hata mimi dereva wa basi. Mama akisema mtoto amepunguza kucheza, usibishane naye. Usimpe juisi, usimwambie alale aone kesho itakuwaje. Mwulize ameanza lini kuona tofauti, halafu aje siku hiyohiyo.

Juisi ilimkera sana Rispa. Alisema wanawake wengi humaliza siku nzima wakiinywa na kungoja, kwa kuogopa kuwasumbua watu.

Nilikaa pale nikitazama viatu vyangu. Ningeweza kumpigia Wafula, amwulize mkewe. Lakini simu yake huwa imezimwa akiwa kazini, na mimi nilikuwa pale, hatua chache kutoka kwake.

Nikauliza.

“Mtoto anacheza?”

Aline alitazama chini. Nilidhani nimemvunjia heshima na hatanijibu.

“Tangu jana jioni si kama kawaida, Baba.”

Nilimwambia apige simu hospitalini. Akasema wiki iliyopita aliwapigia kwa ajili ya mgongo, haikuwa kitu, watamwona msumbufu. Nikamwambia kwamba mama mkwe wake angekuwa hai, angekuwa ameshamvalisha koti. Alipiga, akaongea Kiswidi haraka, na alipokata simu macho yalikuwa yamejaa machozi. Walisema aje sasa hivi.

Alikaa kiti cha nyuma, kama heshima inavyotaka. Kwenye taa za barabarani nilimwona kwa kioo, mkono uko tumboni, haujasogea. Nilikuwa nikiomba. Sikuomba kwa maneno mazuri.

Mkunga aliyetupokea alikuwa msichana mdogo mwenye nywele nyekundu. Nilitaka kubaki koridoni.

“Ingia, Baba,” Aline akasema.

Nikaingia. Niliketi nikiwa nimewapa mgongo, nikitazama ukuta wenye picha ya ziwa. Nikasikia mkunga akimwuliza ameanza lini kuona tofauti. Lilikuwa swali lilelile, na hakuwa na haraka. Akamfunga mikanda tumboni, ya kusikilizia moyo wa mtoto. Kikapita kimya ambacho sitaki kukikumbuka.

Kisha sauti ikajaa chumbani, mfululizo, kama mtu anayefua nguo kwa haraka.

Nililia nikiwa nimeutazama ule ukuta. Nadhani Aline pia, maana mkunga alimpa karatasi za kufutia uso, kisha akaja akanipa na mimi.

Walimpima muda mrefu, daktari akaja na mashine ya picha. Mtoto yuko vizuri, maji ya uzazi yanatosha. Kabla hatujaondoka mkunga alimwambia Aline kwamba akiona tofauti tena apige tena, hata kama ni leo jioni, na hakuna anayehesabu amepiga mara ngapi. Sikumwuliza kama aliwahi kumfahamu Rispa. Nilimshukuru tu, labda kupita kiasi.

Wakati wa kurudi Aline aliuliza nimejulia wapi mambo ya wakunga. Nikamsimulia habari za ule mto ndani ya shati. Alicheka mpaka akaniomba nipunguze mwendo, tumbo linamwuma kwa kicheko. Miaka mitatu ameolewa kwetu, na sikuwahi kusikia anavyocheka.

Wafula alipiga alipotoka kazini. Aliogopa kwanza, akashukuru, kisha akaanza utani wake. “Kwa hivyo Mzee, siku ya kuzaa ni wewe utashika kisu cha kukata kitovu?” Nikamwambia arudi nyumbani haraka, aache maneno.

Sijui wazee wa kwetu wangesema nini. Labda wangenyamaza, kama mimi nilivyonyamaza mwanzoni. Rispa angecheka, halafu angeuliza kwa nini nilitazama viatu kwanza.

Nusu saa iliyopita simu iliita tena. Haikuwa ya Wafula. Ilikuwa ya Aline, ambaye hajawahi kunipigia kabla ya leo.

“Anacheza, Baba,” akasema. “Tangu nile chapati hajatulia.”

Nilisema vizuri, vizuri sana, usiku mwema mwanangu.

Kesho asubuhi nitampigia mwenyewe. Wafula nitamwacha alale.