Karatasi Niliyoikwangua kwenye Bido Zako

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Nimekaa uani kwako, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga mguu kwa waya, na ninakuandikia juu ya goti. Binti yako Odette ameingia ndani kumlaza mtoto na hajanisemesha tangu asubuhi. Ana haki. Ungekuwa hai ungenisema wewe mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kufika hadi barabarani, na mimi ningenyamaza nikasikiliza mpaka mwisho. Leo natamani kusemwa na wewe kuliko kitu chochote.

Nianze na bido ya kwanza. Kiwanda kilikuwa kimenipa kazi kwenye kikosi cha kuzima moto, bapompie kama mnavyotuita, hata miezi mitatu sijamaliza, na nguo ya kazi bado inanipwaya. Nilikuja nayo begani, bido nyeupe, dumu la lita ishirini, ngumu, isiyovuja, na ndani imebaki dawa ya povu kama kikombe hivi. Ulikuwa umeinamia beseni. Ulinyanyuka, ukafuta mikono kwenye kitenge.

"Mudogo, iyi njo sabuni ya bapompie?"

"Njo yenyewe, Yaya. Tia maji uone."

Ulitia maji, ukatikisa, povu likakufika kwenye viwiko, ukacheka mpaka ukakaa chini. Miaka yote hiyo ulikuwa unafulia watu nguo kwa mche wa sabuni uliokuwa unaukata kwa uzi ili usiishe upesi. Kwa mikono hiyo ndiyo ulinipeleka shule Mulungwishi, mimi peke yangu katika nyumba nzima, kwa sababu ulisema lazima awepo mtu mmoja wa kutusomea karatasi. Basi siku ile nilijiona nimerudisha kitu. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, Mungu anisamehe.

Jumamosi zetu unazikumbuka. Tulitoa gari uwanjani, tukapiga povu ukutani kuona kama mashine inavuta vizuri, halafu tukasafisha matangi na maji yote yakaingia mfereji unaoteremka hadi kwenye bustani zenu. Mlikuwa mnatusubiri pale chini na mabeseni, wewe mbele, bamama wengine nyuma yako. Mliweka mablanketi, mapazia, nguo za watoto. Hakuna aliyewafukuza. Hata mkuu wetu alikuwa anacheka, anasema sisi ndio kikosi pekee Likasi kinachopendwa na wanawake. Na wewe ulikuwa hukosi la kujibu. Ulimwambia, "Tunapenda povu, patron, weye tunakuvumilia tu." Kikosi kizima kilicheka wiki mbili.

Gauni la komunyo ya Odette ulilifua kwa povu lile. Kanisani watoto wote walivaa nyeupe lakini lake lilikuwa linauma macho. Mama mmoja alikugeukia akakuuliza unatumia nini, na wewe, katikati ya misa, ukamwambia bila kupunguza sauti, "Iko sabuni ya mudogo wangu." Niliona aibu na furaha pamoja. Lile gauni Odette bado analo, limekunjwa kwenye sanduku lako.

Sitaki kukudanganya, povu lile lilifanya kazi yake pia. Siku tangi la mafuta liliposhika moto kule kiwandani, maji matupu yalikuwa yanaongeza balaa. Tulilaza povu juu ya moto na ukafa taratibu kama mtu anayefunikwa blanketi, na wanaume wote waliokuwa ndani walitoka wazima. Ulinipikia bukari, ugali wetu, na kuku jioni ile. Ndiyo maana sikuwahi kulitilia shaka. Kitu kilichookoa watu, nilijiuliza, kinaweza kumfanya nini mtu?

Wewe ulitia shaka. Wewe usiyejua kusoma. Mara ya kwanza ilikuwa pale ulipokuja kuniambia kwamba povu la Jumamosi bado liko mferejini Jumanne, limekaa kwenye kona limekunjamana, na sabuni ya kweli haifanyi hivyo. Nikakuambia ni sabuni kali tu. Mara ya pili ulikuja na habari ya vyura. Bustani yako ya mboga za lengalenga ilikuwa pale pale kando ya mfereji, na vyura wa pale ulikuwa unawalalamikia kila mvua, eti wanakupigia kelele kama wakwe. Sasa walikuwa wamenyamaza.

"Mudogo, byula bilienda wapi?"

"Bilienda Kakanda kutafuta kazi, Yaya. Kule kuko cobalt."

Ulicheka kidogo, kwa heshima yangu. Halafu ukasimama ukanitazama, ukaondoka. Ule mtazamo ninao hadi leo. Ulikuwa umekuja kumuuliza mtu wako aliyesoma, na mtu wako aliyesoma alikupa mzaha.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni lile la karatasi.

Bido zile zilikuwa na karatasi ya njano ubavuni, imejaa Kifaransa cha herufi ndogo. Kadiri zilivyokuwa zinaisha kazini nilikuwa nakuletea, mpaka ukawa na nane, zimepangwa ukutani, maji ya kunywa upande huu, maji ya kufulia upande ule, na moja ya kuchachushia kinywaji cha munkoyo kwa sababu ilikuwa na mdomo mpana. Karatasi zilikuchukiza. Uliogopa maneno ya majirani. "Ondoa iyo karatasi, bantu batasema uliiba ku kiwanda." Kwa hiyo kila bido niliyoleta niliimwagia maji ya moto, nikakwangua karatasi kwa kisu, nikasugua gundi kwa mchanga mpaka bido ikang'aa. Nilijivunia sana kazi hiyo.

Siku moja, nikiwa na kisu tayari mkononi, uliniuliza, "Lakini inasema nini?"

Nikajibu, "Maneno ya kiwanda tu, Yaya."

Sikuwa nimesoma, hata mstari mmoja. Nilikuwa na Kifaransa chote ulichoninunulia kwa mgongo wako, na karatasi ilikuwa mbele ya macho yangu, na nikaikwangua.

Ulipougua figo tulikuletea maji yako hospitalini kwenye chupa, na chupa tulizijaza kwenye bido zile. Kwenye kilio chako watu walikaa hapa uani siku tatu, na maji waliyokunywa yalitoka kwenye bido zile. Daktari hakutaja povu. Sitasema asilolisema daktari, na mtu akiniuliza kama ndilo lililokuondoa nitamjibu sijui. Hiyo "sijui" ndiyo ninayolala nayo.

Sasa nikwambie kwa nini naandika leo. Kiwanda kimeleta povu jingine. Alikuja mwalimu kutoka Lubumbashi, kijana mpole, mwenye miwani, akatukalisha kwenye karakana akatueleza kwamba lile la zamani lina kitu ndani yake kisichooza. Jua halikiozeshi, mvua haikiozeshi, udongo hauwezi. Kinakaa majini, kinakaa kwenye mboga, na kikiingia kwa mtu kinakaa kwenye damu yake miaka. Hili jipya, alisema, halina kitu hicho, linavunjika lenyewe likaisha. Wazee wa kikosi walianza kunung'unika: jipya ni zito, linatembea polepole juu ya moto, itabidi kujifunza upya kulenga. Mimi sikunung'unika. Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi nikauliza, "Na mtu aliyefulia lile la zamani?"

Aliniangalia, akadhani natania. "Nani angefulia, papa? Imeandikwa kwenye bido."

Hakuna aliyecheka, Yaya. Wenzangu wote walitazama chini, kwa sababu wote wana wake na mama na dada. Mkuu wetu alitoka nje.

Baada ya mafunzo nilikwenda bohari. Bido za zamani zilikuwa zimewekwa kando zisubiri kuchukuliwa, na ya mwisho ilikuwa na karatasi yake nzima. Nilichuchumaa nikaisoma. Haikunichukua hata dakika mbili. Nilirudia mara tatu, nikainakili yote kwenye daftari.

Jumamosi iliyofuata hatukupiga povu. Siku hizi mazoezi ni ya maji matupu, na hata hilo jipya mwalimu amekataza lisiingie mferejini, kwa sababu kuoza kwake ni jambo moja na kulifanya sabuni ni jambo jingine. Tumelichimbia bwawa la saruji. Bamama walikuwa wamekuja na mabeseni yao kama kawaida, Odette yuko mbele, mahali pako. Akaniita mimi mjomba wake, "Muyomba, leo hakuna sabuni?" Nikasema hakuna. Walinuna, wakasema bapompie tumekuwa bachoyo. Ningeweza kuliacha hapo. Wangeninunia mwezi mmoja wakasahau, na jina langu lingebaki zuri, na wewe ungebaki na mdogo wako wa kujivunia kanisani. Wiki nzima nilijaribu kuliacha hapo.

Leo asubuhi nimekuja na daftari. Nilimwambia Odette awaite wale wanaolima na kufua pale chini, wakaja saba, wakakaa hapa ukutani kwako, karibu na bido. Niliwasomea Kifaransa kwanza, halafu nikawaeleza kwa Swahili yetu, neno kwa neno. Nikawaambia na habari ya kitu kisichooza. Nikawaambia ya kisu na maji ya moto. Mama mmoja aliuliza kama lengalenga za pale chini bado zinalika, nikamwambia mimi sijui, nitamuuliza mwalimu apime maji, na hadi hapo asiuze wala asile. Alisimama akaondoka bila kuaga, maana hana shamba jingine. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Odette alibaki. Alikuwa na mtoto mgongoni, anamtikisa pole pole.

"Mama alikuulizaka kama karatasi inasema nini?"

Nilikuwa naweza kusema hapana, shahidi hakuna.

"Aliniulizaka," nikasema.

"Na weye?"

"Nilimuambia ni maneno ya kiwanda tu."

Akaingia ndani. Mimi nikazimwaga bido zote nane kwenye ndoo za kiwanda nilizokuja nazo, nikazitoboa kwa kisu kile kile ili asije mtu akazitaka tena, nikazifunga kwa kamba. Kesho gari la kikosi litazichukua pamoja na nyingine. Ukuta wako umebaki na duara nane nyeupe chini, mahali zilipokaa. Nimemnunulia Odette bido mpya sokoni, bado hajazigusa, na sitamlazimisha.

Yaya, sikuandikii kuomba msamaha, maana huwezi kunijibu na mimi siwezi kujisamehe kwa mdomo wako. Uliniuliza swali na sikukujibu. Nakujibu sasa. Karatasi inasema hivi:

Usimwage mu mufereji, wala mu mutoni. Usiache batoto bachezee. Kama bido inaisha, usiweke ndani maji ya kunywa, usiweke kitu ya kula. Kama hauelewi, uliza muntu anayejua kusoma.

Ni mimi,
mudogo wako, uliyemtuma shule