Siku Kafue Thanda Walipopiga Mbeya

Uyole, Mbeya
17 Agosti 1977

Kwako baba yangu, mzee Bujiku,

Mwangaluka, baba. Mwangaluka, mama. Na wewe Helena unayewasomea barua hii, mwangaluka mdogo wangu. Soma taratibu, usiruke maneno kama kawaida yako ukiwa na njaa. Ng'ombe wanaendeleaje? Yule mwenye baka jeupe ameshazaa? Nasikia huko Usangu majani yamekauka mapema na mnawapeleka mbali kunywa maji. Poleni sana.

Kwa kawaida mtu huandika kwamba yeye ni mzima, hofu ni kwenu. Safari hii, baba, hofu yote iko huku kwangu. Mwili hauna homa wala kidonda, lakini tangu Jumapili chakula hakipiti, na mtu akigonga mlango nashtuka kama mwizi.

Mnaikumbuka Kafue Thanda, ile bendi ya roki ya Zambia niliyokuwa naisikiliza redioni kule zizini? Ulikuwa ukiniambia niizime, kwa kuwa gitaa lao linalia kama ndama aliyekwama kwenye tope. Nilikuwa nazima, nikifika malishoni nawasha tena. Basi mwezi huu tukasikia wanakuja Mbeya mjini kupiga bugi, dansi la mchana, halafu waende Iringa. Nilipiga ukelele karakana nzima ikadhani nimejikata kidole na msumeno.

Bahati ilioje! Fundi wetu akapewa kazi ya kutengeneza jukwaa la ukumbi, na Jumapili asubuhi akatutuma mimi na Liberatus tukapigilie mbao zilizolegea. Huyu Liberatus ni Mhehe wa Iringa, tunajifunza naye useremala, rafiki yangu sana ila mdomo wake hauna breki. Kule mlangoni tukakuta tangazo: Kafue Thanda watashindana na bendi moja ya hapa mjini, na watazamaji ndio watakaoamua. Wewe ulikuwa ningi, kiongozi wa ngoma wa Bagika, unajua kuliko mimi kinachotokea makundi mawili yakikutana uwanjani. Nikamweleza Liberatus kwamba kwetu Usukumani makundi ya ngoma, Bagika na Bagalu, wakishindana hakuna anayeingia mikono mitupu, kila upande una dawa yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hapa mjini watu wanashindana kwa spika, si kwa mizizi. Mimi sikucheka.

Mchana tulirudi kama watazamaji. Liberatus alivaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vya kisigino kinene, akawa mrefu kunipita. Mimi nilibeba fimbo yangu ya kuchungia, ile uliyonipa nilipoondoka. Aliniuliza kama nimekuja kuwaswaga Wazambia. Bawabu naye akataka kunipokonya. Nikamwambia nina mguu mbovu, nikaingia nachechemea. Mungu anisamehe na hilo nalo.

Bendi ya mjini ilianza, watu wakacheza vizuri tu. Kisha wakapanda Kafue Thanda. Mpiga gitaa wao ni Eliezeri Mumba, mwembamba hivi, hapandi jukwaani na viatu, ndiyo sifa yake. Alipogusa uzi wa kwanza, baba, niliogopa. Redioni gitaa lile lilikuwa kitu kidogo, ungeweza kulifunika kwa blanketi ukalala. Pale ukumbini lilinitikisa meno, likaingia kifuani likakaa. Nilitaka kukimbia na nilitaka lisikome. Nakwambia kweli, machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, na sikujali nani ananiona.

Wimbo wa tatu akakisogelea kipaza sauti, akakishika kwa mkono. Akaanguka chali. Mwili ukawa unatetemeka, mdomo wazi, kipaza sauti hakiachii, na gitaa tumboni linanguruma peke yake. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe! Maana wote walishasikia kwamba jamaa huwa anapiga hata akiwa amelala. Liberatus alikuwa anapiga mbinja. Lakini mimi nilikuwa mbele, nikaziona nyayo zake. Vidole vilikuwa vimejikunja.

Hapo yakanijia maneno yako. Ulitufundisha kwamba mtu akianguka ngomani namna ile amepigwa na dawa ya upande wa pili, na usimguse kwa mkono, itakurukia na wewe. Mtoe kwa fimbo kavu. Nikapanda jukwaani bila kufikiri. Nikakipiga kile kipaza sauti, hakikutoka. Nikakipiga tena kwa nguvu zangu zote, kikamtoka mkononi kikaviringika. Watu wakanizomea, chupa ikapita karibu na sikio, bawabu akanikaba shingo. Ndipo fundi mitambo wao akakimbia kung'oa nyaya. Kelele zote zikakatika, na watu wakaona kwamba Eliezeri hapumui.

Walimkandamiza kifua mpaka akakohoa. Yuko hospitali sasa, kiganja cha kulia kimeungua, lakini yu hai. Fundi mitambo aliwaambia watu kwamba mti mkavu haupitishi umeme, na kwamba ningemshika kwa mkono tungekufa wawili. Tangu hapo hapa Uyole naitwa shujaa. Mama muuza ndizi hataki hela yangu. Liberatus anasimulia kana kwamba fimbo tuliishika wote. Naogopa, baba. Kila wakiniita jina hilo naona wanakaribia kujua.

Helena, simama hapa kwanza. Mwangalie mama kama yupo. Kama yupo, mwombe akuwekee uji jikoni, halafu endelea kwa sauti ndogo. Yaliyobaki ni ya baba peke yake, na wewe kwa sababu sina namna ya kukukwepa.

Baba, fundi mitambo alisema jambo jingine pia. Alisema zulia la jukwaani lilikuwa limelowa pale penye kipaza sauti, na mtu asiye na viatu akisimama kwenye maji, waya ukiwa na hitilafu kidogo tu, ameuita umeme mwenyewe. Akauliza nani alimwaga maji. Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza kimya.

Ni mimi. Nilipokuja nyumbani wakati wa Pasaka nilipanda darini nikaichukua ile pembe yako ya dawa. Jumapili asubuhi, Liberatus alipokwenda kutafuta misumari, nilichanganya dawa na maji kwenye kopo, nikamwaga kopo zima pale atakaposimama mpiga gitaa, kama ningi anavyonyunyiza mahali watakapochezea watu wake. Muda si mrefu wanabendi wenyewe wakaja wakatandika zulia lao juu. Nilitaka washinde, baba. Nilikuwa nawapenda. Sijui kama kilichomwangusha ni dawa au ni maji, na nikikaa usiku nikifikiri naona haidhuru, kopo lilikuwa mkononi mwangu.

Jana Eliezeri aliniita hospitali. Akanishika kwa mkono wa kushoto. Akaniambia kwamba Jumamosi bendi itapiga Iringa, daktari akimruhusu atapanda, lakini anaogopa kukigusa kipaza sauti hata ndotoni. Akaniomba nisimame karibu yake na fimbo yangu, kwa sababu mtu anayemwamini nchi hii nzima ni mimi. Nikaitikia.

Lazima nimwambie kabla hajapanda tena. Sijui pa kuanzia. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mama aliniambia mara moja, nikiwa mdogo, kwamba kule Usukumani rafiki yako mzee Seni alianguka uwanjani katikati ya ngoma, akafa. Akaniambia kwamba pale alipoangukia ulikuwa umenyunyiza wewe mwenyewe. Na kwamba tangu siku ile hujacheza tena, ukaitundika pembe darini, ukahama na ng'ombe mpaka huku. Sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza, na si kwa ubaya, baba yangu: ulipokwenda kwa mke wa mzee Seni, ulianza na neno gani?

Kama hukwenda, usijilazimishe kujibu. Mtume tu mtu aje aichukue pembe, nitaelewa, wala heshima yangu kwako haitapungua. Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa lori la mpunga, anarudi huku Ijumaa alfajiri. Jibu likija au lisije, Ijumaa hiyo hiyo nitakwenda hospitali.

Mama akirudi mwambieni barua imeishia kwa salamu, na kwamba nakula vizuri. Helena, usimwangalie baba usoni ukimaliza. Kunja karatasi, mpe, toka nje ukawaangalie ndama.

Ni mimi mwanao niliyebaki na fimbo yako,

Nyanda Bujiku