Chumba cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mungu si Athumani! Nimepata kazi. Na kazi yenyewe ni kumpima Nashoni!

Simu imeingia saa nne asubuhi, niko sokoni Mugumu nachagua nyanya. Injinia Zaitun, wa Dar, wa ile taasisi inayotoa nyota kwa majengo ya kijani — yale yasiyokula umeme hovyo, yasiyopoteza maji, yasiyowaoka watu ndani. Anataka fundi sanifu aliye karibu na Issenye. Wiki mbili. Nitege vipima joto na unyevu, nisome mita, nimtumie namba kila jioni. Nikamwuliza jengo gani. Hosteli ya wasichana, akasema. Ile ile! Nyanya ilipasukia mkononi, muuzaji akanitukana.

Fomu imekuja kwa simu. Swali la saba: una uhusiano wowote na mradi huu? Nimejaza Hapana.

Uhusiano gani? Miaka miwili iliyopita niliichora hosteli ile kila mstari, nikaisimamia mpaka msingi ukaisha. Kisha Nashoni, mkandarasi, akasimama mbele ya vibarua wote, mimi nimeshika pima maji, akasema: Gati, mwanamke anakandika, hajengi. Nenda nyumbani. Michoro yangu ikabaki kwenye gari lake. Ni kweli kwetu wanawake ndio wanaokandika. Mama alikandika nyumba nzima kule Itiryo, udongo na samadi, kwa mikono yake. Lakini alivyolisema yeye! Vibarua walicheka. Nawakumbuka mmoja mmoja.

Sasa ataisoma namba.

Jumanne, 4 Machi

Issenye kwa bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno. Getini kuna kibao cha kijani: Imesanifiwa na kujengwa na Nashoni. IMESANIFIWA! Nimekisoma mara tatu.

Mlinzi ni Mzee Mniko, yule yule aliyelinda saruji yetu enzi zile. Shikamoo. Marahaba, Gati. Kaniangalia, kaangalia sanduku langu la vipimo, akafungua geti.

Matroni anaitwa Bernadetha. Mcheshi, anaongea mpaka unasahau ulichokuja kufanya. Anasema nyota nne zikipatikana, wafadhili watajenga hosteli mbili zaidi, na kazi atapewa Nashoni. Zisipopatikana, hakuna kitu. Wasichana sitini wamepanga vyumba mitaani wanasubiri. Mimi nilichosikia ni hilo la Nashoni tu.

Maelekezo ya Zaitun: kipimo kikae katikati ya chumba, usawa wa kifua, mbali na jua. Vyumba kumi na viwili, vipimo kumi na viwili. Nimevipandisha vyote juu ya dari, vimegusa bati. Huko hata mjusi hakai. Acha joto lipande, nione kama atapata hata nusu nyota.

Alhamisi, 6 Machi

Namba ambazo vipimo vinanitumia kwenye simu zimenichanganya. Nje nyuzi thelathini na tatu. Vyumbani ishirini na tano! Bati gani hilo la nyuzi ishirini na tano?

Nimekwenda mwenyewe. Vipimo vyote vimeshushwa. Vinaning'inia katikati ya vyumba, usawa wa kifua, kwa kamba za katani. Mzee Mniko! Ile karatasi ya maelekezo niliisahau getini, akamwomba matroni amsomee, akadhani nimekosea. Amepanda ngazi mara kumi na mbili, na magoti yake yale. Nikasema ahsante. Akanikazia macho: au hukukosea?

Nikainamia sanduku langu. Akasema, polepole, kwamba mtu hachomi nyumba aliyoichora mwenyewe. Nikaondoka bila kuaga. Nimeona aibu, halafu aibu ikageuka hasira.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja Issenye kupanda ngazi. Nilitaka kujua ubaridi ule unatoka wapi.

Unatoka kwangu! Nafasi ya hewa kati ya dari na bati, upana wa kiganja — ipo, Jumanne hasira haikuniacha niione. Baraza pana la kuzuia jua — lipo. Nimekwangua lipu kidogo nyuma ya mlango: tofali za udongo za kufungamana, kama nilivyoandika. Hakubadilisha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kukuta tanuri, niwaambie watu hiki ndicho alichojenga Nashoni bila mimi. Kumbe mwizi huyu ni mtiifu kuliko mwanafunzi! Kafuata kila mstari.

Nimekaa juu ya ngazi nikalia. Jengo langu zuri. Halafu nikakumbuka kibao. Nyota nne zake, hosteli mbili zake, na mimi nasoma mita. Kanisani leo sikusali chochote ila Nashoni, Nashoni. Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Unyevu vyumba vyote kama asilimia sitini. Chumba cha tisa: tisini na nne!

Bernadetha anasema ah, hicho ni kawaida yake. Mvua ikija wasichana wanasogeza vitanda, wanalala sita upande mmoja. Kuna mmoja, Robi, kidato cha pili, anakohoa tangu masika ya mwaka jana. Ukutani ukungu mweusi. Nashoni alipoambiwa alileta rangi, akapaka juu yake. Rangi!

Nikainua macho kwenye matundu ya hewa. Chumba cha tisa ndicho pekee chenye ukuta wa nje upande wa mashariki, na matundu yamekaa wazi kabisa, yanaitazama mvua. Mjinga gani —

Mimi. Nilichora mimi. Kwetu Itiryo mvua huja na upepo kutoka magharibi, kwa hiyo nyumba hufungwa upande huo, mashariki huachwa wazi ipumue. Hapa Issenye mvua inatoka mbugani, mashariki. Nilichora wakati wa kiangazi, nikawachorea mvua ya nyumbani kwetu. Mchunga ng'ombe yeyote wa hapa angeniambia. Sikuuliza mtu.

Na Nashoni kaiba mpaka kosa langu!

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa nafua, nikaacha nguo kwenye povu.

Aulizwe mbele ya bodi ya shule, siku Zaitun akija kukagua, kwa nini matundu yanaitazama mvua. Atasema nini? Hajui hata kwa nini yapo. Akisema ni yake, basi kifua cha yule mtoto ni juu yake. Akikana, itabidi ataje aliyechora. Jina langu, kwa mdomo wake, mbele ya watu! Za mwizi arobaini.

Nimemwandikia Zaitun: Jumatatu ukija, chumba cha tisa kikaguliwe msanifu akiwepo. Kajibu: vizuri sana Gati, una jicho.

Mzee Mniko nilimweleza, maana ilikuwa inaniwasha mdomoni. Akatikisa kichwa. Mtego wa panya, akasema, huingia waliomo na wasiokuwemo. Nikamwambia mzee wangu, panya hapa ni mmoja.

Dawa ya chumba naijua. Mbao mbili, zikae kwa mshazari juu ya matundu, zitazame chini. Kazi ya asubuhi moja. Lakini nikiziweka leo unyevu unashuka, na Nashoni anaponyoka. Ni siku tano tu. Robi avumilie siku tano.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kubwa. Cha tisa: tisini na sita.

Bernadetha kapiga simu. Robi kapelekwa zahanati, kifua kimebana. Hakunilaumu, atanilaumuje, hajui. Anauliza tu kama vile vidude vyangu vinaweza kusema tatizo ni nini. Nikasema bado naangalia.

Ugali umenishinda.

Jumamosi, 15 Machi

Nimenunua mbao mbili, misumari, kopo la rangi ya mafuta. Zimeegemea ukutani kwangu. Sijazipeleka.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nyuma ya tenki la maji, hosteli. Watu wa bodi wamekwenda chai. Zaitun amefunga Ramadhani, yuko ndani anapitia makaratasi. Mbao nimekuja nazo. Ziko pale kwenye bodaboda, zimefungwa kwa mpira.

Nashoni alifika na kofia ngumu mpya, nyeupe, hata karatasi ya duka haijabanduka. Aliponiona alisita. Kisha kwa sauti: fundi Gati, umekuja kutukandikia? Watu wa bodi wakacheka kidogo. Nikasema nimekuja kupima. Zaitun hakucheka. Aliniangalia kidogo, akaendelea na ukaguzi.

Vyumba kumi na moja, sifa tupu. Zaitun anasema hajaona hosteli yenye ubaridi hivi bila feni hata moja. Nashoni akavimba. Anapokea pongezi zangu kwa mikono miwili! Nilitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Halafu cha tisa. Robi alikuwa mlangoni na matroni, kajifunga khanga juu ya sweta. Mdogo kuliko nilivyodhani. Zaitun akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheusi. Akauliza kwa upole tu: msanifu, kwa nini matundu haya yanaitazama mvua?

Nashoni akayaangalia kama mtu anayeoneshwa shemeji mpya. Jasho! Ndani ya nyuzi ishirini na tano! Akasema ni ya hewa. Zaitun akauliza, hewa ya kutoka wapi kwenda wapi? Nashoni akaivua kofia, akaivaa tena. Robi akakohoa, kikohozi kirefu, kila mtu akasubiri kiishe. Na mimi niliyekuwa nimeingoja saa hii miaka miwili nikajikuta natazama miguu yangu.

Nashoni akageuza maneno: je, vipimo hivi vinaweza kukataliwa? Zaitun akasema vinakataliwa kama mpimaji ana mkono kwenye mradi. Hapo vyote vinatupwa, mwaka huu hakuna nyota. Ama chumba hiki kimoja, hakifuti kitu: msanifu akieleza kosa na kulirekebisha, nyota nne zinabaki. Nashoni akanitazama. Taratibu. Akaomba chai kwanza.

Sasa hivi amekuja hapa tenkini, kikombe mkononi. Hakutania. Kasema Gati, dawa yake ni nini? Nifundishe, nikaseme, watoto walale. Au unataka niseme nani alichora? Nitasema. Nikaseme?

Mshenzi! Ananiuliza mimi! Ndilo jina nililotaka litoke mdomoni mwake, na kanishikisha mwenyewe. Likitoka, fomu yangu ni uongo, vipimo vinatupwa, wale sitini wanabaki mtaani. Lisipotoka, kibao kinabaki getini, na vingine viwili kama hicho vinakuja. Bado amesimama. Anaona naandika. Mzee Mniko yuko kwenye bodaboda, anafungua ule mpira bila kuambiwa na mtu.

Zaitun katokea mlangoni na ile fomu yangu mkononi, ameichapisha. Ameita: Msanifu!

Tumegeuka wote wawili.