Vali za Tangi la Kati

Dada mpendwa,

Nakusalimu wewe na shemeji, pamoja na watoto, ambao nasikia sasa wananipita kwa urefu. Natumaini goti lako limekubali tena kupanda ngazi. Huku sisi ni wazima wa mwili. Baba anakula, analala, na bado anawasuta watangazaji wa redio wanapokosea hesabu. Simu zako mbili niliziona. Sikupokea kwa sababu habari hii nataka uisome polepole, na mimi niiseme yote bila kukatizwa.

Uliuliza kwa nini ameacha kurusha ndege. Nianze mwanzo.

Ile kompyuta uliyotuletea niliiweka chumba cha mbele, skrini mbili, nikapakia ndege ya kuigiza ya aina ileile aliyoifanyia kazi miaka ishirini na miwili: jeti ya zamani, injini tatu mkiani, marubani wawili mbele, na nyuma yao mhandisi, yaani yeye, akitazama ukuta mzima wa mita na swichi. Kila nilipokuwa na zamu ya asubuhi gazetini, tulipaa alasiri, mimi rubani, yeye kwenye paneli yake. Aliniita rubani wa mdomo. Alisema sisi waandishi tunajua kuuliza ndege imeangukaje, kuipaisha hatujui. Jirani yetu fundi cherehani alitusikia tukipigiana kelele za kilo za mafuta, na tukitoka nje alituuliza kama abiria wote wameshuka na mizigo yao.

Kazi yake kubwa ilikuwa hayo mafuta. Ndege ina matangi matatu: mawili mabawani na moja la kati, kubwa kuliko hayo. Ikishapaa, mhandisi huzima pampu za mabawani na kufungua vali, vile vilango vya mabomba ya mafuta, injini zote zinywe tangi la kati kwanza. Matangi yakilingana, anawasha pampu na kufunga vali, kila injini irudi kwenye tangi lake. Akisahau, la kati linakauka, injini zinazimika, na ndege inaanguka huku mabawa yamejaa mafuta. Kila robo saa anaandika vipimo kwa penseli kwenye karatasi, na kila anapogusa vali anaandika saa. Halafu kuna sheria aliyonifundisha hata kabla ya kunifundisha kuwasha injini: rubani hagusi paneli ya mhandisi. Akiona kosa, anasema kwa sauti.

Mwezi wa nne alisahau kufunga vali kwa mara ya kwanza. Nikasema kwa sauti. Alishtuka, akazifunga, akaniomba radhi kama mtu aliyemkanyaga mgeni. Safari iliyofuata akasahau tena, na nilipomwambia, aliomba radhi tena na tena mpaka tukatua. Safari ya tatu sikusema kitu. Kibodi yangu inaweza kuendesha hata paneli yake. Nilizifunga mwenyewe wakati amekodolea macho mita za joto, tukatua salama, naye akainuka kitini akipiga mluzi. Nikafanya hivyo safari kumi na tisa.

Ni katika wiki hizo uliponiuliza kama anaweza kuendelea kushinda peke yake nyumbani, au uje umchukue. Nilikujibu kwamba akili yake ni timamu, kwamba anasawazisha matangi bila kosa hata moja na karatasi ninazo. Ukaahirisha kuja. Dada, kwa miaka thelathini na mmoja nimehakiki kila habari mara mbili kabla ya kuiandika. Ile ya Baba niliitunga.

Jumatano iliyopita alizitandaza karatasi zake mezani azipange kwenye faili. Kumbukumbu yake inavuja, lakini hesabu haijavuja. Aliona kwamba katika safari kumi na tisa matangi yalilingana, kisha yakaanza kupungua sawasawa, na hakuna mahali alipoandika kufunga vali. Aliniita, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza nani alifunga.

Kama ningesema ni mimi, angejua amesahau mara zote hizo, na kwamba mwanawe amekuwa akimchezesha kama mtoto mchanga. Nikamwambia ni yeye; alifunga, ila hakukumbuka kuandika. Nilidhani hilo ndilo pigo dogo.

Halikuwa dogo. Aliniambia kusahau kufanya jambo anaelewa, ni uzee tu. Lakini mikono kufanya jambo mara kumi na tisa bila mwenyewe kujua, hilo halielewi. Kama inafunga asijue, basi inaweza pia kufungua. Akazima kompyuta, akaandika kwenye karatasi kwamba ameizima, na saa.

Tangu siku hiyo hawashi jiko. Hagusi ufunguo wa mlango mpaka nisimame pale nimwone. Mara tatu nimetaka kumwambia ukweli, na mara tatu nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Nikisema, namvunja upya. Nikinyamaza, anazidi kujiogopa. Njoo, Dada. Hata sijui nikuombe uje kufanya nini. Jana asubuhi nilimkuta jikoni na chupa ya dawa za presha mkononi. Aliniuliza kama ameshameza. Sikuwa nimemwona akimeza, lakini alinitazama kana kwamba mimi ndiye mita yenyewe, nikamwambia ndiyo. Akanishukuru, akairudisha chupa kabatini.

Nifikishie salamu kwa shemeji na kwa wanao wote, mmoja mmoja. Baba naye anakusalimu sana, ila ameniomba kwanza nihakikishe kwamba hajakutumia salamu hizo tayari.

Ni mimi,
mdogo wako.